Daraja Lililonisumbua Darasani

Juma hili nazungumzia hesabu. Usigeuze ukurasa kwanza.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu alitufundisha kwamba alama ya sawasawa ni daraja. Namba ikivuka, toa huwa jumlisha na jumlisha huwa toa. Kwa nini? Aliyeuliza alichapwa. Nikakariri, nikafaulu, nikasahau. Majuzi binti yangu kaniwekea daftari mezani: 3x + 2y = 12, aigeuze ili y ibaki peke yake. Nikamtajia daraja. "Lakini baba, kwa nini alama inabadilika?" Sikuwa na jibu. Akafunga daftari akisema hesabu si zake.

Neno hilo liliniuma, nikaenda kutafuta. Jibu lipo Baghdad, kwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Kitabu chake alikiandika kwa haja za watu: urithi, wasia, kesi, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Hakina x, wala alama ya sawasawa, ambayo Robert Recorde wa Wales aliibuni mwaka 1557. Kila kitu ni maneno, na kisichojulikana kinaitwa "kitu" tu. Hesabu ya kusomwa redioni kabisa!

Sikiliza mfano wake mmoja. Mtu amekufa, ameacha wana wawili na dirham kumi taslimu. Mwana mmoja alikuwa akidaiwa na baba dirham kumi nyingine. Tena marehemu ameusia theluthi ya mali kwa mtu baki. Fungu la mdaiwa litakatwa katika deni lake. Hatulijui, basi liite kitu. Mali ni kumi na kitu. Toa theluthi ya wasia, kinachobaki gawa kwa wawili: kila mwana ana dirham tatu na theluthi, pamoja na theluthi ya kitu. Na fungu hilo ndilo kitu chenyewe. Sasa ondoa theluthi ya kitu pande zote mbili. Huku zinabaki theluthi mbili za kitu, kule dirham tatu na theluthi. Kitu ni dirham tano. Zile kumi taslimu wanagawana ndugu wa pili na mtu baki, tano tano.

Hakuna kilichovuka daraja. Kimepunguzwa huku na huku kwa kipimo kilekile, kama mizani ya dukani. Kuondoa hivyo ndiyo muqabala. Kurudisha kilichopungua, yaani palipotolewa tatu ukajumlisha tatu pande zote, ndiyo al-jabr, jina tulilobaki nalo baada ya Robert wa Chester kukifasiri kitabu kwa Kilatini huko Segovia mwaka 1145. Jabr pia ni kuunga mfupa uliovunjika. Wahispania wa zamani walimwita muunga mifupa algebrista. Kwa fimbo za mwalimu wetu, tulikaribia kumhitaji.

Jana jioni nilimwita binti. Tukatoa 3x pande zote: 2y = 12 − 3x. Tukagawa kwa mbili: y = 6 − 1.5x. Akaweka sifuri mahali pa x, akapata sita. Akaweka nne, akapata sifuri. Akachora mstari wake. Kisha akaniuliza, yule ndugu alikatwa tano tu, je, deni lililobaki alilipa?

Nikamwambia hilo tumwachie kadhi.