Njia ya misafara ya Tabora na riwaya ya Peponi

HABARI za Tabora, kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, ziliandikwa zaidi na wenye bidhaa kuliko waliozibeba. Tippu Tip, ambaye baba yake alilowea Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Naye Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara katika kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, pamoja na kisa cha mtemi aliyeunyang'anya msafara mali yake.

Kisa kinachofanana na hicho kimo katika Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka Uingereza mwaka 1994. Lakini humo safari inaonekana kwa macho ya Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Hilo ndilo badiliko kubwa: msafara unatazamwa na asiye na fungu katika faida.

Gurnah alitunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Wasomaji wa Kiswahili, lugha ya misafara yenyewe, walingoja hadi mwaka 2022, ndipo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walipotoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Hata humo wapagazi, ambao wengi wao katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, hawana msimulizi wao.