Kiti cha Mama Barbro

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ubalozi wa Tanzania hapa Stockholm ulikuwa na ofisa wa pekee: Barbro Johansson, Msweden kwa kuzaliwa, Mtanzania kwa uraia. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wetu. Ilikuwaje?

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Waingereza waliitawala kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa, na iliwabidi wajieleze mbele ya Baraza la Udhamini kule New York. Mwaka 1955, chini ya Gavana Twining, viti 30 vya wasio maofisa wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa hivi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Eti usawa! Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu 20,000 hivi.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulipendekeza uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, pengine mapema zaidi. Serikali ya Uingereza ikakataa. Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Nyerere, kwa niaba ya TANU iliyokuwa haijatimiza hata mwaka, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kuitetea nchi yake. Dunia ikasikia.

Lakini kusikika si kushinda. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuja na kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, naye mwenyewe awe na elimu, kipato au cheo kilichotakiwa. Wengi ndani ya TANU walitaka kususa. Tabora, Januari 1958, Mwalimu akawashawishi washiriki. Ndio ule Uamuzi wa Busara. TANU ikaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, nao wakashinda. Ndipo Mama Barbro, aliyekuwa amefundisha wasichana kule Kashasha, Bukoba, alipoingia barazani. Kiti kilichotengwa ili kuwapunguzia Waafrika nguvu kikakaliwa na mtu aliyekuwa upande wao. Desemba 1961 tukajitawala.

New York ilisukuma mlango; walioingia ni wale waliokubali kupiga hata kura ya kuudhi. Nasi je? Tangu 1976 Sweden imewaruhusu wageni wakazi kupiga kura za manispaa bila uraia. Kadi ya mpiga kura huletwa hadi mlangoni. Wangapi wetu huitupa pamoja na matangazo ya maduka?