Wachuma Kahawa, Mtoto wa Mlowezi na Wariinga

Ukishuka Githurai 45 na kuingia Kiuu leo, utakuta magorofa ya kupangisha, mitumba na honi za matatu. Karne moja iliyopita, ukanda huu, wa Ruiru hadi Thika, ulikuwa nchi ya kahawa ya walowezi, na machifu waliwatoa wanawake na wasichana majumbani kwa nguvu wakaichume. Harry Thuku, kijana wa Kambui, alilipinga jambo hilo hadharani, pamoja na kodi na kipande, pasi ya lazima. Akakamatwa Machi 1922.

Tarehe 16, umati ulizingira kituo cha polisi Nairobi alikozuiliwa. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwataka wampe suruali zao, avae yeye. Kwa Wagikuyu hakuna tusi zito kuliko hilo kutoka kwa mwanamke mzima. Risasi zikalia, naye akawa kati ya waliokufa. Serikali ilihesabu 21. Wanawake waliendelea kumkumbuka Thuku kwa ngoma na wimbo wa Kanyegenuri, hadi ukapigwa marufuku.

Mwaka 1959 Thika ikapata sifa ya namna nyingine. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walifungua shamba huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha The Flame Trees of Thika, kitabu kilichotengenezewa tamthilia ya televisheni Uingereza mwaka 1981. Ni kitabu kizuri, lazima tukiri. Mwandishi anaijua harufu ya udongo ule. Lakini jicho ni la mtoto wa mlowezi, na mama wa Kigikuyu hupita pembeni tu, mzigo mgongoni.

Jibu la kitabu hicho lilitoka karibu zaidi na Kiuu kuliko mtu angedhani: gereza la Kamiti. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa 1977, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kunyang'anywa kibali kule Kamĩrĩthũ, Limuru. Akiwa ndani ya seli aliandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Riwaya hiyo, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilitoka 1980, na Kiswahili chake, Shetani Msalabani, 1982.

Humo yumo Jacinta Wariinga. Mwanzoni ni karani anayeuchukia weusi wake, anajipaka krimu za kujichubua hadi ngozi inatoka mabaka. Tayari tajiri mzee amemtia mimba akiwa shuleni na kumtelekeza. Ngũgĩ hamwachi hapo. Anampeleka chuoni kusomea uhandisi wa mitambo, anamvika ovaroli na kumwingiza gereji, na mwishowe anamkutanisha na yule mzee, safari hii Wariinga akiwa na bastola. Wapo watakaouliza kama risasi ni haki au kisasi tu, na riwaya haiwasaidii kuamua.

Kitabu kilisomwa kwa sauti majumbani, ndani ya matatu na kwenye baa. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia habari za wasomaji wa baa waliokuwa wakifika mahali patamu, wananyamaza, wanakiweka kitabu mezani mpaka wateja wawajazie glasi.