Historia Fupi ya Katambuga

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, huwa mgumu na kustahimili joto. Ugumu huo ndio unaotusumbua leo: tairi likichakaa haliozi, wala haliyeyushwi kama chuma.

Sisi wa Karatu tulijibu tatizo hilo kwa kisu. Ngorongoro ilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1959, ikawapokea pia Wamasai walioondolewa Serengeti. Magari ya watalii yakawa yanapita kwetu kupanda kreta, na changarawe ikala matairi. Fundi akachora unyayo juu ya tairi, akakata, akapigilia mikanda kwa misumari midogo. Mfugaji aliyezoea makubazi ya ngozi ya ng'ombe akapata kiatu kisichopenya mwiba: katambuga. Tyubu ikawa kamba ya kufungia mizigo. Hakuna aliyeomba bajeti.

Kisha tairi lenyewe likabadilika. Michelin ilisajili tairi la radiali mwaka 1946, na aina hiyo ikaenea duniani. Ndani yake mna nyaya za chuma, na kisu cha fundi hugota. Fundi hutafuta matairi ya nyuzi, ambayo yanazidi kuadimika. Yenye waya hurundikwa nyuma ya gereji, yakituamisha maji ya mvua wanamozaliana mbu wa dengi, au huchomwa moto, na moshi tukauvuta sote.

Hapa ndipo fedha ya umma inapohitajika. Afrika Kusini ilijaribu: mpango wa REDISA, ulioidhinishwa mwaka 2012, ulitoza randi 2.30 kwa kila kilo ya tairi jipya ili kulipia ukusanyaji na urejelezaji. Mwaka 2017 tozo ikahamishiwa hazina ya serikali, na taasisi ikaingia kwenye kesi ya ufilisi, uamuzi ambao Mahakama ya Rufaa iliutengua mwaka 2019. Funzo ninaloliona ni kwamba kutoza ni rahisi. Kazi ni kuifikisha fedha kwa mwenye mikono michafu.

Tukitoza tairi jipya hapa Tanzania, nataka fundi wa Karatu alipwe kwa kila kilo anayookoa, na apatiwe mashine ya kukatia waya. Tukianza na kiwanda cha mbali huku tukimsahau yeye, tutakuwa tumeua urejelezaji tuliokuwa nao ili tuzindue mwingine.