Timu ya Mwisho wa Reli

Mtu wa Dar es Salaam akitaka kuonyesha kuwa jambo liko mbali, husema liko Kigoma, mwisho wa reli. Sisi tuliozaliwa Ujiji hatuuchukii usemi huo. Ila tumezoea kuuliza, mwisho kwa nani? Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, baada ya kukata kilometa kama 1,250 kutoka pwani, iliikuta Ujiji ikiwa mji mkongwe wa misafara, wenye soko na misikiti na watu wa kila kabila la ng'ambo zote mbili za Tanganyika. Kwetu reli ilianzia hapo. Na kwa muda mrefu kazi yake moja kubwa, mbali na mizigo na samaki, ilikuwa kuwachukua vijana wetu na kuwapeleka mashariki.

Miongoni mwa hao waliochukuliwa walikuwamo wachezaji wa mpira wa miguu, na habari yao ndiyo ninayotaka kuizungumza hapa.

Asiyeijua pwani yetu hawezi kujua mpira unakaa wapi katika maisha ya watu wake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo, Kibirizi na Katonga, mchanga hugeuka uwanja. Nimewaona wanaume waliokesha majini mwezi mzima wakikimbia jua linapotua, pekupeku, huku watoto wakihesabu magoli na kina mama wakianua dagaa pembeni kwa hofu ya kukanyagiwa. Hakuna kombe wala kiingilio, na bado watu hugombana kwa ajili ya goli moja hadi mwezi mpevu mwingine.

Katika mazingira hayo vipaji haviwezi kukosekana, na havikukosekana. Nitataja mmoja tu ambaye Tanzania nzima inamjua. Juma Kaseja alizaliwa Kigoma mwaka 1985. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mdogo, alisimama langoni mwa Simba mjini Cairo, na Zamalek, mabingwa wa Afrika wa wakati ule, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, wengi walipodhani siku zake zimekwisha, aliitwa tena Taifa Stars. Tanzania na Burundi zilitoka sare ya 1-1 Bujumbura, zikatoka sare ya 1-1 Dar es Salaam, na penalti zikaamua: 3-0 kwa Tanzania, Kaseja golini. Watu wa Kigoma walishangilia wakiwa na huzuni kidogo, maana Burundi si ugenini kwetu. Nyumba ngapi za Ujiji hazina shangazi au mjomba Bujumbura?

Lakini msomaji aangalie jambo moja katika habari hiyo. Kaseja alipata jina akiwa Simba, akavaa jezi ya Yanga, akapita klabu nyingine kadhaa za mbali na kwao. Sisi tulimsikia redioni. Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Kijana akionekana anajua mpira, swali la kwanza la wazee lilikuwa ataondoka lini.

Sababu haikuwa siri. Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 kombe lilikaa Dar es Salaam kwa miaka kumi mfululizo, mpaka Mseto ya Morogoro ilipolitoa mwaka 1975. Mikoa mingine nayo ikapata zamu: Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Katika orodha hiyo Kigoma haimo. Tulikuwa mashabiki wazuri wa timu za watu wengine. Ujiji kulikuwa na vijiwe vya Simba na vijiwe vya Yanga, na ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana wiki nzima kwa ajili ya mchezo uliochezwa siku mbili za treni kutoka nyumbani kwao.

Tusisahau pia kwamba timu nyingi za mikoani zilizovuma zamani hazikuwa za mikoa yenyewe. Zilikuwa za mashirika. Reli ya Morogoro ilitokana na shirika la reli, Pamba ya Mwanza na zao la pamba, RTC Kagera na kampuni ya biashara ya mkoa. Mchezaji alipewa kazi, na kazi ndiyo iliyompa ugali. Mpango huo ulifaa maadamu shirika lilikuwa na fedha. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba, na katika miaka ya 1990 mengi yakauzwa au kufungwa, timu zake zikabaki yatima. Mwenye mbeleko alipoondoka, mtoto alianguka. Pamba ilikaa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa mikononi mwa halmashauri ya Jiji la Mwanza.

Kule kwetu aliyekuja kubeba mtoto ni jeshi. Mashujaa ni timu ya Jeshi la Wananchi yenye maskani yake Kigoma, na kwa miaka mingi ilicheza madaraja ya chini bila makelele. Nchi ililisikia jina lake Desemba 2018. Simba ilikuwa imetoka tu kuitoa Nkana ya Zambia na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, ikacheza na Mashujaa katika Kombe la Shirikisho jijini Dar es Salaam, na ikafungwa 3-2. Wengi waliisikia habari hiyo kama mzaha. Mimi nilipigiwa simu na watu ambao hatukuwa tumezungumza tangu misiba ya miaka iliyopita, na hakuna aliyeanza kwa salamu.

Julai 25, 2021 fainali ya kombe hilohilo ilichezwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Watani wa jadi ambao babu zetu waliwafuata redioni walikuja wenyewe mwisho wa reli. Simba ilishinda 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga, Mganda. Na aliyetolewa kwa kadi nyekundu upande wa Yanga alikuwa Mukoko Tonombe, Mkongo. Mji ulijaa hata nyumba za kulala wageni zikashindwa. Ulikuwa mchezo mkubwa kuliko wote tuliowahi kuuona pale, na hatukuwa na timu ndani yake. Tulikuwa wenye nyumba tunaopokea harusi ya watu.

Miaka miwili baadaye, Juni 2023, Mashujaa iliitoa Mbeya City katika mchezo wa mtoano na kupanda Ligi Kuu. Aprili 2024 Simba wakaja Kigoma, Kombe la Shirikisho tena. Dakika 90 zilikwisha 1-1, na Mashujaa ikashinda 6-5 kwa penalti. Safari hii haikuwa habari ya kusimuliwa. Waliokuwapo waliona kwa macho. Timu ikamaliza misimu yake miwili ya mwanzo bila kushuka daraja, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia: watoto wa Mwanga na Gungu wanaocheza chandimu wakigombea kuwa Mashujaa. Zamani waligombea kuwa Simba au Yanga tu. Kwa macho yangu badiliko hilo ni kubwa kuliko pointi zote za msimamo wa ligi.

Hapa ndipo furaha yangu inapoingiwa na swali. Je, timu hii ni yetu?

Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kulikuwa na timu iitwayo Ihefu. Novemba 2022, katika uwanja wake wa mashambani, iliifunga Yanga 2-1 na kuvunja mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijapoteza. Nchi nzima ililijua jina la Ubaruku kwa siku moja. Mwaka 2024 timu ilihamishiwa Singida, na baadaye ikaitwa Singida Black Stars. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye mali aliamua, na watu wa Ubaruku wakabaki na uwanja na kumbukumbu. Nikisoma habari ile huwaza watoto wa Gungu.

Wajapani walilipitia jambo hili kabla yetu, na inafaa tuone walifanya nini. Mpira wao nao ulibebwa na makampuni. Walipoanzisha ligi ya kulipwa mwaka 1993, walitaka klabu ziache kuitwa kwa majina ya makampuni na zijifunge na mji. Kashima ulikuwa mji wa viwanda wenye watu kama 45,000, kumbe hata Kigoma yetu ni kubwa kuliko huo. Timu yake ilikuwa ya kampuni ya chuma, Sumitomo, iliyoanzia Osaka mwaka 1947 na kuhamia Kashima mwaka 1975. Watu walidhani mji mdogo namna ile hauwezi kuingia katika ligi. Uwanja ukajengwa, Zico wa Brazil akaja mwaka 1991, na msimu wa kwanza wa ligi Kashima Antlers ikaongoza mzunguko wa kwanza. Mwaka 2018 ilikuwa bingwa wa Asia. Mwaka 2019 hisa nyingi za klabu zikanunuliwa na kampuni nyingine kabisa. Mwenye mali alibadilika, lakini klabu haikuondoka Kashima, wala jina la mji halikuondoka kwenye klabu.

Tusidhani kwamba kila jambo lao lilikwenda sawa. Yokohama Flügels ilikufa kwa sababu wafadhili walichoka. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba itaunganishwa na jirani yake, Marinos. Wachezaji wakacheza michezo iliyobaki wakijua kwamba wakifungwa mara moja tu klabu imekwisha. Wakashinda yote, na Januari 1, 1999 wakatwaa Kombe la Mfalme wa Japani katika mchezo wao wa mwisho duniani. Kisha klabu ikafutwa. Mashabiki hawakukubali kwenda kushangilia mahasimu wao. Walichanga fedha wakaanzisha klabu mpya, Yokohama FC, wakaanza chini na kupanda hatua kwa hatua.

Nimelizungumza jambo hili na wazee wa Ujiji, na wapo walionikaripia. Mzee mmoja fundi cherehani aliniambia kwamba ninamtafutia kasoro mgeni aliyeleta chakula. Alinikumbusha kwamba tulikuwa na miaka mingi ya kuwa na timu yetu wenyewe, na kila tulipokutana tuligombania uenyekiti kabla ya kununua mpira. Jeshi lina nidhamu, mishahara yake haichelewi, wachezaji wake wanakula. Waacheni wanajeshi wafanye kazi, alisema. Nilimsikiliza kwa heshima, na sina budi kukiri kwamba sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Hata hivyo mtu anaweza kumshukuru mgeni kwa chakula na bado akalima shamba lake.

Kulima huko si lazima kuanze kwa mamilioni. Jina Kigoma halimo katika jina la timu. Lingewekwa, timu ingekuwa imefungwa na mahali. Wavuvi, wachuuzi wa soko la Ujiji, makuli wa bandarini na walimu wanaweza kuwa wanachama wenye kadi na ada ndogo, ili siku ya kuamua jambo wawepo watu wa kuulizwa. Timu za watoto za Mwanga, Katonga na Mwandiga zinaweza kuwa mlango wa kuingilia Mashujaa, ili kijana wa Kibirizi asihitaji tena kupanda treni ndipo aitwe mchezaji. Ncha ya kaskazini ya ziwa letu hilihili, Vital'O ya Bujumbura ilicheza fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992. Maji tunayoteka ni yaleyale.

Siwatilii shaka wenye timu, na wala sidai kwamba kuna mpango wa kuihamisha. Ninalosema ni kwamba hakuna aliyetuahidi kuwa itabaki. Kwa zaidi ya miaka 100 tumesindikiza watu stesheni, wengine hawakurudi, na tumejifunza kuona hilo ni jambo la kawaida. Timu ya mpira si mtu; inaweza kufanywa ikae. Anayetaka ikae aanze sasa inapokuwa ligi kuu na uwanja umejaa, kwa maana siku ikipakiwa kwenye behewa itakuwa ni kuchelewa, na sisi tutarudi redioni.