Mbona Unapimwa Uzito Kabla ya Upasuaji?

Juzi mama mmoja aliniuliza, "Sista, mimi natolewa uvimbe tumboni. Mbona mnanipandisha kwenye mizani kama mtoto wa kliniki?" Swali zuri. Jibu lake lina historia ndefu, tena ya machungu.

Zamani mgonjwa alilazwa kwa kuvutishwa etha au klorofomu. Machi 1934, huko Madison, Marekani, Dkt. Ralph Waters alimdunga mgonjwa dawa iitwayo thiopentoni kwenye mshipa. Watu walishangaa. Mgonjwa alilala kabla hujahesabu hadi sitini!

Halafu, Desemba 7, 1941, Japani ikashambulia Pearl Harbor, Hawaii. Baadhi ya majeruhi waliopoteza damu nyingi walipewa thiopentoni, na wako waliokufa. Mwaka 1943 daktari mmoja wa upasuaji aliilaani vikali dawa hiyo kwenye jarida. Baadaye uvumi ukasema iliua mamia. Rekodi zilipochunguzwa miaka ya 1990, ikaonekana waliokufa hivyo walikuwa wachache sana. Lakini somo lilikuwa la kweli. Damu ikipungua mwilini, sehemu kubwa ya dawa huenda moja kwa moja kwenye ubongo na moyo. Tena dawa yenyewe hulegeza mishipa, presha ikaanguka. Dozi inayomlaza mtu mzima mwenye nguvu yaweza kumuua jirani yake aliyevuja damu, hata kama uzito wao ni sawa.

Ndiyo sababu mizani peke yake haitoshi, ingawa ndiyo mwanzo. Chukua ketamini, iliyojaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964 na ambayo hospitali zetu nyingi huitumia. Kwa kawaida kwenye mshipa hutolewa miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 70 hupata 70 hadi 140. Mtoto wa kilo 15 hupata 15 hadi 30. Ukikisia uzito wa mtoto kwa macho, umekisia na uhai wake.

Kisha utaulizwa umri, dawa unazomeza, kama umevuja damu, kama unakunywa pombe. Baba, sema ukweli. Sisi hatumwambii mama watoto.

Yule mama aliponisikiliza alicheka, akavua viatu na leso nzito aliyojifunga, akapanda mizani upya.