Jina mtandaoni humtangulia mwombaji kazi

Mhitimu anayetafuta kazi akiwa Kyuso, eneo la Mwingi Kaskazini katika Kaunti ya Kitui, hana tena haja ya kupanda basi hadi Nairobi ili kuwasilisha bahasha. Tume ya Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia tovuti yake, na waajiri wengi wa kibinafsi hufanya vivyo hivyo. Lakini mwajiri naye aweza kuliandika jina la mwombaji kwenye Google na kumchunguza kabla hawajaonana.

Tatizo la kwanza ni majina yenyewe. Ukambani, akina Mutua, Musyoka, Mwende na Kyalo ni wengi mno, na anayetafuta kwa majina mawili tu huenda akamwangukia mtu mwingine kabisa, labda mwenye kesi mahakamani. Kwa hivyo inafaa majina yote matatu, kama yalivyo katika vyeti, yaandikwe kwa namna moja kwenye barua ya maombi, katika anwani ya barua pepe na katika LinkedIn, mtandao wa wanataaluma ulioanza kutumika mwaka wa 2003. Anwani iliyobuniwa shuleni kwa mzaha, yenye lakabu ya mwanasoka, iachiwe marafiki.

Jambo lisilotajwa sana, ilhali ndilo huwaponza wengi mashambani, ni umiliki wa anwani hiyo. Aghalabu hufunguliwa na mhudumu wa saiba, ambaye hubuni neno la siri na kuweka namba yoyote ya simu iliyo karibu. Miezi ikipita, mteja hulisahau neno hilo. Laini nayo isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga na baadaye kumpa mteja mwingine. Mwaliko wa mahojiano ukifika, hakuna awezaye kuufungua. Hasara ya namna hii huenda ikazidi ile ya picha za ulevini. Mwombaji ajichagulie neno la siri, aandikishe laini yake mwenyewe, na ahakikishe ameifunga akaunti kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya saiba.

Kufuta yaliyokwisha kuandikwa si dawa kamili, kwani nakala hubaki katika simu za watu. Maneno ya kuchochea chuki za kikabila ni hatari zaidi: ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008.

Aliyepakwa tope na wengine ana pa kukimbilia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kudai habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamruhusu kumwandikia anayezihifadhi na, akipuuzwa, kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kazi za uanahabari, hata hivyo, zimepewa msamaha katika sheria hiyo. Anayelalamikia gazeti huelekea kwa tume ya malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013.